Matundu ya misumari kwenye mninga uliokwisha kupakwa vanishi

Msomaji wetu wa Nzuguni, Dodoma, ameuliza hivi: "Shikamoo fundi. Nimehamia katika nyumba yangu mpya. Milango, fremu na mbao zinazozunguka chini ya ukuta ni za mninga, na zimekwisha kupakwa vanishi ya mafuta mikono mitatu. Kabla ya vanishi, fundi aliziba matundu ya misumari kwa unga wa mbao na gundi nyeupe. Sasa kila tundu linaonekana kama doa jeusi lenye duara lililopauka pembeni, na mengine hayakuzibwa kabisa. Nimeambiwa dawa ni kukwangua vanishi yote na kuanza upya. Je, ni kweli? Tena pembe za mbao za kuzungushia fremu zimeanza kuachana. Nizizibe kwa nini?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuhamia kwako. Nianze na jibu unalolisubiri: hapana, huhitaji kukwangua vanishi yote. Kukwangua mbao za nyumba nzima ni kazi ya majuma, tena ya vumbi ambalo utalikuta hadi ndani ya vyombo vya jikoni, na mwisho wake utarudi palepale ikiwa matundu yatazibwa tena kwa unga na gundi. Vanishi iliyokwisha kukauka juu ya mninga wako inakusaidia, kwa sababu sasa mbao imepata sura yake ya mwisho, na puti yenye rangi, yaani donge laini la kuzibia matundu, hulinganishwa na sura hiyo ya mwisho, wala si na mbao iliyotoka kwenye randa.

Mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi nyeupe umeenea sana katika karakana zetu, na sababu yake naielewa. Haununuliwi, unakauka upesi, na ukiwa juu ya ubao mkavu rangi yake inakaribiana na ubao wenyewe, kwa hiyo fundi anaondoka akiamini amefanya kazi nzuri. Tatizo hutokea vanishi inapoingia. Mbao hunywa vanishi kupitia vinyweleo vyake, na kiasi inachokunywa ndicho kinachoamua itakolea kiasi gani. Unga wa mbao ni nyuzi zilizokatwakatwa, na uzi wa mbao hunywa kwa ncha yake kuliko unavyonywa kwa ubavu; ndiyo maana kichwa cha ubao huwa cheusi kuliko uso wake ingawa vyote vimepakwa kwa brashi moja. Gundi nayo ikikauka hufanya utando unaofanana na plastiki, ambao hauruhusu vanishi kupita. Hivyo katikati ya tundu, pale unga ulipojitokeza juu ya gundi, umepata kiini kilichokolea. Na pembeni, pale fundi alipoifuta kwa kidole gundi iliyofurika, vinyweleo vimezibwa, mbao haikunywa kitu, na hilo ndilo duara lililopauka unaloliona.

Ukienda dukani utakuta vitu viwili ambavyo wauzaji wengi huvichanganya. Kipo kizibio kigumu, ambacho mafundi wengi hukiita fila, kinachokauka kama jiwe laini na kusuguliwa kwa msasa; hicho huwekwa kwenye mbao mbichi kabla ya kupaka chochote, na kinafaa zaidi pale mbao zitakapopakwa rangi ya kufunika kabisa. Kisha ipo puti laini ya mafuta, ambayo hubaki na unyumbufu kwa muda mrefu, haisuguliwi, na huwekwa baada ya vanishi. Wewe unahitaji hii ya pili. Ukiiweka kwenye mbao ambayo haijapakwa kitu, mafuta yake hunyonywa na nyuzi za pembeni na kuacha duara la mafuta lisilotoka. Ukiiweka juu ya vanishi iliyokauka, mafuta hayana pa kwenda, na kilichofurika kinafutika chote kwa kitambaa.

Puti za rangi zilizotengenezwa tayari zinapatikana katika maduka makubwa ya rangi, lakini rangi zake zimechaguliwa kwa ajili ya mbao za nchi nyingine, na mimi sijaona kopo hata moja linalolingana na mninga bila kuchanganywa. Ni afadhali kuitengeneza mwenyewe. Msingi wake ni ule ule wa puti ya vioo, ambayo ni chaki ya unga iliyokandwa kwa mafuta ya kitani (yanayokamuliwa kwenye mbegu za kitani), takribani sehemu tano za chaki kwa sehemu moja ya mafuta kwa uzito, mpaka ifanane na donge la chapati lisilonata mikononi. Ukipata puti ya vioo iliyo tayari dukani, inunue hiyo, itakupunguzia kazi. Kama ni nyepesi mno, iongezee chaki kidogo; kama imeanza kukakamaa, ikande kwa matone machache ya mafuta ya kitani.

Hapa naomba unisikilize kwa makini katika mambo matatu. Kwanza, usitumie chokaa ya kujengea badala ya chaki. Chokaa huchoma ngozi, hugeuza mafuta kuwa kitu kama sabuni, na baadhi ya mbao hubadilika rangi zikiguswa nayo. Pili, usidanganyike kutumia mafuta ya kupikia kwa sababu yapo jikoni. Najua mkoa wetu na jirani zetu wa Singida tumejaliwa alizeti, lakini mafuta ya alizeti hukauka nusunusu tu na kubaki yakinata miezi mingi, na yale ya karanga hayakauki kabisa. Vumbi la Dodoma litayashika na kila tundu litageuka doa jeusi. Mafuta ya kitani yana tabia ya kushika hewa na kugeuka utando mgumu, na ndiyo sababu watengeneza rangi na vanishi wameyatumia kwa karne nyingi. Usipoyapata, vanishi yenyewe ya mafuta, ileile iliyopakwa kwenye mbao zako, inaweza kukandia chaki, ingawa puti yake itakakamaa upesi zaidi.

La tatu ni la usalama, na silisemi kwa kutia chumvi. Kule kushika hewa kunakoyakausha mafuta ya kitani hutoa joto. Kitambaa kimoja kilichotandazwa hupoteza joto hilo bila madhara, lakini matambara yaliyolowa mafuta na kurundikwa kwenye kona au kwenye ndoo hulihifadhi, joto likapanda, na yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti wala cheche, hata saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Kwa hali ya hewa yetu ya joto, hatari hiyo si ndogo. Kila tambara ulilofutia, litandaze nje juu ya mawe au kwenye waya, moja moja, mpaka likauke na kukakamaa, au lilowekwe kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako ndiko kazi yote iliko. Rangi bora kwa puti ni oksaidi za unga, zile zile zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kutia rangi sakafu za saruji: nyekundu, njano, nyeusi, na mahali pengine kahawia. Hizi ni oksaidi za chuma. Hazichuji kwa jua, hazigombani na mafuta, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kiasi utakachotumia. Ni kitu kile kile kinachoupa wekundu udongo wetu wa Dodoma, na wazee wa Kigogo waliokuwa wakichanganya udongo mwekundu na mafuta ili kujipaka walikuwa wakitumia ujuzi ule ule ambao sasa nakuelekeza kuutumia kwenye mlango. Usichukue rangi za kutilia nguo wala za kutilia vyakula. Hizo huyeyuka na kupauka.

Mninga una tabia yake. Kiini chake kinaanzia kahawia ya dhahabu hadi kahawia yenye wekundu, na tofauti hiyo unaweza kuikuta ndani ya ubao mmoja. Sehemu ya nje ya gogo, kama haikuondolewa, ni ya kijivu iliyopauka. Kwa sababu hiyo puti ya rangi moja haitatosha nyumba nzima. Kanda donge moja la msingi, kisha ligawe katika matatu: moja la dhahabu, moja la kahawia ya kati, na moja lililoelekea wekundu. Anza na njano kwa zote, kwa kuwa njano ndiyo iliyo chini ya mninga hata pale macho yanapoona wekundu. Ongeza nyekundu kwa ncha ya kisu, ukande mpaka michirizi yote ipotee, ndipo uongeze tena. Nyeusi iwe ya mwisho na iwe kidogo mno. Oksaidi nyeusi ina nguvu, na ukizidisha huwezi kuirudisha isipokuwa kwa kuongeza puti nyeupe nyingi ambayo hukuihitaji. Andika kwenye karatasi vipimo ulivyotumia, kwa sababu baada ya miezi sita utahitaji kutengeneza kidonge kingine.

Kosa ambalo nililifanya nikiwa kijana, na ambalo bado naliona likifanywa, ni kulinganisha puti na kipande cha mbao ambacho hakijapakwa vanishi. Niliwahi kutengeneza kabati la mninga kwa mteja mmoja wa hapa mjini. Nililinganisha puti na kipande kilichobaki sakafuni, nikaridhika, nikaijaza kabla ya vanishi kugusa kabati. Vanishi ilipopakwa, mbao ilikolea kama jiwe la mtoni linavyokolea likilowa, na puti ikabaki ilivyokuwa. Milango ile ilikuwa na matundu arobaini hivi, na yote yalimkodolea macho mwenye nyumba. Nilirudi siku mbili kuyachokonoa moja moja. Tangu hapo sijalinganisha puti na kitu kingine isipokuwa mbao iliyokwisha kupakwa, mahali pale pale itakapokaa, kwa mwanga ule ule utakaoiangaza. Puti iliyolingana chini ya taa ya karakana inaweza kuonekana ya kijani kidogo karibu na dirisha. Kwa hiyo chukua vidonge vyako vitatu hadi kwenye mlango wenyewe, bandika kipande chembamba cha kila kimoja juu ya vanishi, simama hatua mbili nyuma, angalia asubuhi na angalia tena usiku taa ikiwaka, kisha vifute.

Ukisita kati ya rangi mbili, chagua iliyokolea zaidi. Jicho la mtu limezoea kuona nukta nyeusi kwenye mbao, kwa kuwa mbao zina vifundo, vinyweleo na mistari iliyokolea, na nukta ya aina hiyo hupita bila kuulizwa. Nukta iliyopauka haina mfano wake ndani ya mti, na kila anayeingia ataiona. Tundu likiangukia kwenye mstari uliokolea wa mbao, linganisha puti na mstari huo, wala usijali kwamba sentimita moja kando yake mbao ni nyepesi. Likiangukia mpakani, mimi huweka rangi mbili ndani ya tundu moja, nusu kwa nusu, nikifuata mwelekeo wa nyuzi. Inachukua muda, lakini ni matundu ya mahali panapoonekana tu, kama usawa wa macho kwenye mlango wa sebuleni, yanayostahili muda huo.

Matundu yaliyozibwa kwa gundi lazima yafunguliwe kwanza. Tumia keekee ndogo yenye ncha ya milimita 3, uizungushe kwa mkono bila umeme ikiwezekana, uingie milimita mbili au tatu tu, mpaka uone kichwa cha msumari au mbao safi. Ukitumia mashine kwa haraka, ncha itateleza juu ya gundi na kuchora mstari kwenye vanishi, na utakuwa umejitengenezea kazi nyingine. Toa unga wote kwa brashi kavu. Kichwa cha msumari kikiwa juu, kizamishe kwa panchi (kijiti cha chuma cha kuzamishia misumari) na nyundo ndogo hadi kiwe chini ya uso wa mbao kwa milimita mbili au zaidi. Puti iliyolala juu ya chuma kama karatasi hudondoka. Kisha gusa ndani ya tundu kwa ncha ya brashi ya kuchorea iliyochovywa vanishi, uache ikauke usiku mzima. Tone hilo huziba kuta za tundu ili zisinyonye mafuta ya puti, na hukinga chuma. Hili la chuma lina uzito wake. Mbao zenye tanini nyingi, yaani kile kitu cha asili kinachotia ukakasi ndani ya mti, zikikutana na chuma na maji hutoa doa la bluu iliyokolea hadi nyeusi, na fila yenye maji iliyowekwa juu ya msumari mtupu huleta vyote vitatu pamoja. Huenda baadhi ya madoa yako meusi yametokana na gundi yenyewe kuwa na maji, na utayatambua kwa sababu weusi wake unafuata nyuzi na kurefuka badala ya kuwa wa mviringo.

Puti iingizwe kwa kidole gumba, kwa kukandamiza na kusokota kidogo, ili hewa itoke chini. Jaza mpaka iinuke kidogo juu ya uso. Kisha viringisha kitambaa safi cha pamba kwenye kipande cha ubao kilichonyooka na ufute nacho kwa kukata nyuzi, usifute kwa kidole kitupu, kwa kuwa kidole ni laini na huchota puti kutoka ndani ya tundu na kuacha kibonde. Malizia kwa kufuta kwa kufuata nyuzi, kwa kitambaa kingine kikavu. Chukua tochi ya simu, ilaze karibu na uso wa mbao ili mwanga upite kwa ubavu. Kibonde au kinundu chochote kitatoa kivuli. Rekebisha hapo hapo, maana baada ya saa chache puti itaanza kushika.

Kuhusu kupaka vanishi tena juu ya puti, ushauri wangu ni kwamba si lazima katika mbao za ndani. Puti itajifanyia utando wake. Tofauti utakayoiona ni ya mng'ao, kwa sababu puti haing'ai kama vanishi, na ukitazama kwa pembeni utaona nukta isiyo na mng'ao. Kama itakusumbua, subiri siku kadhaa mpaka puti isiache alama ukiigusa kwa ukucha kidogo, ndipo uguse kila nukta kwa vanishi ileile ya mafuta kwa brashi ndogo. Hakikisha kwanza kwamba mbao zako zimepakwa vanishi kweli na si laka ya kupuliziwa. Jaribu mahali pa siri, kama ukingo wa juu wa mlango, kwa pamba yenye tina, yaani kiyeyushio cha laka: laka italainika na kunata mara moja, wakati vanishi ya mafuta iliyokomaa itachelewa, na pengine itavimba na kukunjamana badala ya kuyeyuka. Laka haipatani na puti ya mafuta chini yake. Tina yake huilainisha puti na uso hujikunja kama ngozi ya maziwa. Aliyepakiwa laka na aiweke puti mwisho kabisa na kuiacha hivyo.

Lile duara lililopauka puti haitaliondoa, na sipendi kukuficha hilo. Gundi imeshikwa chini ya vanishi. Pale duara lilipo dogo, kama punje ya mtama, upana wa tundu jipya na puti iliyokolea kidogo vitalimeza. Pale lilipo kubwa kama sarafu, sugua doa hilo peke yake kwa msasa namba 180 uliokunjwa mdogo, kwa kufuata nyuzi, mpaka gundi iishe na mbao ionekane, malizia kwa namba 240, kisha paka vanishi mikono miwili au mitatu kwa brashi ndogo, ukiinyoosha ukingoni ili isiache mpaka. Hapo ndipo uzibe tundu. Anza na mahali nyuma ya mlango ili mkono uzoee. Natarajia kwamba utayafanya hivyo machache tu, kwa sababu duara lililo chini ya usawa wa goti hakuna atakayeliona isipokuwa wewe unayejua lilipo.

Samani zako, kama meza au kabati lenye mikwaruzo na vitundu, zinaweza kuzibwa kwa nta badala ya puti. Nta ya nyuki si kitu cha kutafuta mbali kwetu. Wafuga nyuki wa Manyoni, Itigi na Tabora wanaiuza. Iyeyushe katika kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, tia oksaidi, koroga, uimimine kwenye bomba la karatasi ngumu upate kijiti. Ukisugua kijiti hicho juu ya mkwaruzo, ukakwangua ziada kwa kadi ya plastiki na kung'arisha kwa kitambaa, kazi imekwisha kwa dakika tano. Nta ina mipaka miwili. Hakuna vanishi itakayoshika juu yake, na huyeyuka karibu na nyuzijoto 63 huku ikilainika mapema kabla ya hapo, kwa hiyo usiiweke kwenye mlango unaopigwa na jua la mchana. Na vitundu vya mviringo vyenye unga laini unaodondoka kila siku si vya misumari; ni wadudu wanaobungua mbao, na kuvizika chini ya puti kabla ya kutibu ni kuwafungia mlango wakiwa ndani.

Pembe zilizoachana ni jambo la namna nyingine kabisa, na ndilo ambalo ningependa usilifanyie haraka. Matundu ya misumari hayaendi popote. Pembe zinatembea. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na inapokauka hupungua upana zaidi ya inavyopungua urefu, ambao karibu haubadiliki. Mninga unaletwa kutoka Tabora na Katavi, mara nyingi ukiuzwa kabla haujakauka vya kutosha, na wengine waliohamia Dodoma walikuja na fremu zilizotengenezwa Dar es Salaam kwenye hewa ya bahari. Huku kwetu mvua ni ya kati ya Desemba na Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu, upepo ukivuma kila siku. Mbao iliyoingia nyumbani kwako ikiwa na unyevu wake imeutoa, na imesinyaa. Tazama ufa wa pembe: ukiwa mpana upande wa ndani, unaokabili uwazi wa mlango, na kufunga upande wa nje, hiyo ni dalili ya mbao iliyosinyaa upana baada ya kukatwa kwa digrii 45. Ukiwa mpana upande wa nje, mbao imevimba, au fundi hakukata sawasawa.

Fundi akija mwezi wa Oktoba na kuujaza ufa huo kwa fila ngumu, kazi itapendeza mpaka mvua zifike. Kifuku kikianza, mbao itavimba na kutaka kurudi mahali pake, itakuta pamejaa kitu kisichobonyea, na nguvu hiyo itaisukuma pembe kwa nje au kuivunja fila na kuitoa vipande vipande. Puti laini ya mafuta hustahimili zaidi. Itabanwa na kutoka nje kama uzi mwembamba, ambao utaufuta kwa kitambaa, na kiangazi kijacho utaongeza kidogo tu. Lakini iliyo bora kuliko zote ni kusubiri. Nyumba yako ni mpya. Ziache pembe zipite kiangazi kimoja na kifuku kimoja, uone ufa unafunguka na kujifunga kiasi gani. Kama una wageni au shughuli kabla ya hapo, jaza kwa nta yenye rangi, ambayo utaitoa baadaye kwa kijiti cha mbao bila kuacha alama. Ufa unaopita milimita tatu hata baada ya mvua haustahili puti ya aina yoyote. Huo ni wa kung'oa ubao na kukata pembe upya, na gharama yake ni ya fundi aliyeutengeneza.

Mlango wako wa nje, kama nao ni wa mninga na una matundu, usiuzibe kwa puti hii. Jua letu litaichosha na kuifanya unga. Huko chonga viziba vidogo vya mninga wenyewe, vyenye nyuzi zinazolala upande mmoja na nyuzi za mlango, uvigongee ndani kwa gundi isiyoogopa maji, uvikate kwa patasi yenye makali, uvisugue viwe sawa na uso wa mlango, kisha upake vanishi ya nje. Hayo ya ndani unaweza kuyaanza wiki hii, asubuhi kabla upepo haujaamka, ukiwa umepangusa sakafu kwa tambara bichi na kufunga madirisha ya upande wa vumbi.